Wanawake Wasio na Majina: Safari Ndefu ya Kupunguza Matiti, Mpaka Ikafika Mbeya na Iringa

Wauza mitumba wa Mwanjelwa pale Mbeya, na wenzao wa Mlandege kule Iringa, wana wateja wasiouliza rangi wala mtindo. Wanauliza saizi tu, tena kwa sauti ya chini. Sidiria mpya za madukani mara nyingi zinaishia saizi ambazo kwao ni za kuchekesha, kwa hiyo kimbilio ni mtumba kutoka Ulaya, yenye mikanda mipana na vishikizo vinne nyuma. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekataza nguo za ndani za mitumba kwa miaka mingi sasa, sidiria zikiwemo, na sababu zake za kiafya zinaeleweka. Lakini mwenye kifua kizito naye ana sababu zake, na ndiyo maana biashara haifi.

Huyo ndiye mhusika wa habari hii, na jina hana. Anaweza kuwa mwalimu wa sekondari Kihesa, mama ntilie wa Soweto, mchumaji chai wa Mufindi au msichana wa chuo. Mabega yake yana mifereji miwili iliyochimbwa na mikanda ya sidiria. Shingo na mgongo vinamuuma tangu akiwa kidato cha pili, na chini ya matiti kuna upele unaopona na kurudi. Baridi ya Juni na Julai kwake ni neema, maana sweta linaficha mengi. Akishuka Dar es Salaam kwa msiba au harusi, jasho linamkumbusha kila kitu kwa siku moja.

Wanawake wa namna yake wamekuwepo miaka yote. Ila ukifungua historia ya upasuaji wa kupunguza matiti utakuta majina ya madaktari kila ukurasa, na wao hawamo. Mbinu zinaitwa kwa majina ya waliokata. Waliokatwa wamebaki kuwa picha za kifua zilizokatwa shingoni ili sura isionekane. Ni sawa, ni kulinda siri ya mgonjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba uamuzi wenyewe, yule mtu aliyekaa usiku akiwaza niende au nisiende, haujaandikwa popote.

Cha kuchekesha ni kwamba maelezo ya zamani kabisa yanayojulikana ya kupunguza matiti hayakuhusu wanawake. Katika karne ya 7 tabibu Mgiriki, Paulo wa Aegina, aliandika namna ya kuondoa nyama kwenye vifua vya wanaume vilivyovimba kama vya wanawake. Sababu yake ilikuwa wazi: mwanaume wa hivyo anadharauliwa. Yaani fedheha ya mwanaume ilipata tiba mapema, wakati maumivu ya mwanamke yalihesabiwa kuwa maumbile yake tu, avumilie. Fikra hiyo haijaisha hata leo, na si Ulaya peke yake.

Mwaka 1669, daktari wa mji wa Plymouth, Uingereza, alipeleka taarifa kwenye jarida la wanasayansi wa London kuhusu mwanamke wa miaka ishirini na ushee ambaye matiti yake yalianza kuvimba ghafla, yakaendelea kukua mpaka akashindwa kutoka kitandani. Alikufa baada ya miezi kadhaa. Titi la kushoto lilipopimwa lilikuwa na uzito wa ratili 64, karibu kilo 29. Ni zaidi ya ndoo kubwa ya maji, upande mmoja tu. Leo madaktari wanajua kwamba matiti yanaweza kukua kupita kiasi wakati wa kuvunja ungo au wakati wa ujauzito kwa sababu ya homoni, na kwamba hali hiyo, ingawa ni nadra, inaweza kumpata mtu yeyote. Hakuna aliyerogwa. Zamani, hata kama daktari angetaka kumsaidia, hapakuwa na dawa ya usingizi wala njia ya kuzuia kidonda kuoza.

Vyote viwili vilikuja karne ya 19. Nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na Joseph Lister akatangaza njia yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867. Baada ya hapo madaktari wakaanza kujaribu. Michel Pousson wa Ufaransa aliandika kuhusu upasuaji wake mwaka 1897. Mwaka 1922 Max Thorek wa Chicago alieleza njia ya kukata titi lililozidi, kisha kuiondoa chuchu kabisa na kuipandikiza upya kama kipande cha ngozi. Njia hiyo bado inatumika kwa matiti makubwa mno, lakini ina gharama yake: mwanamke huyo hatanyonyesha tena, na hisia kwenye chuchu mara nyingi hupotea. Wengine waliofuata walihangaika na swali hilohilo, jinsi ya kupunguza nyama na ngozi huku chuchu ikibaki imeshikamana na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Ndiyo msingi wa njia nyingi za leo. Chuchu haing'olewi, inasogezwa juu ikiwa bado imening'inia kwenye mzizi wake.

Mwaka 1955 daktari wa Johannesburg, Jack Penn, alichapisha matokeo ya kupima vifua vya wanawake 150 waliojitolea. Kati yao aliwachagua 20 ambao aliona matiti yao ni bora, akatoa kipimo: kutoka shimo la chini ya koo hadi chuchu, sentimita 21. Kipimo hicho kimezunguka dunia nzima, vitabu vya udaktari vimekirudia kizazi baada ya kizazi. Hao wanawake 20 ni kina nani? Hakuna anayewajua. Na ikumbukwe hiyo ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, nchi ambayo hata hospitali ziligawanywa kwa rangi ya mtu. Mama wa Tukuyu aliyenyonyesha watoto wanne hakuwemo kwenye akili ya mtu yeyote aliyekuwa ameshika rula siku ile.

Mwaka uliofuata, 1956, Robert Wise wa Houston, Marekani, alikuja na jambo ambalo fundi cherehani yeyote angelielewa haraka. Alichunguza jinsi sidiria inavyokatwa na kushonwa, akatengeneza kielelezo cha kuchora kwenye ngozi kabla ya kisu. Kitambaa bapa kinakuwaje kikombe? Unakata pembe, unaunganisha kingo. Ngozi nayo vilevile. Kovu linalobaki kwa njia hiyo lina umbo la nanga: mduara kuzunguka chuchu, mstari wa kushuka chini, na mwingine mrefu kwenye mkunjo wa chini ya titi. Mpaka leo madaktari wengi duniani wanachora mchoro wa Wise.

Hapa ndipo historia hii inapokuja karibu na nyumbani, tena kwa namna ambayo wengi hawaijui. Madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, hao AMREF, walianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji rekebishi: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wazo lilipikwa huku Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wood alikuwa na shamba. McIndoe huyo alikuwa na sifa kubwa kwa kuwarekebisha nyuso marubani wa Uingereza walioungua kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Lakini kabla ya vita, mwaka 1939, yeye na Harold Gillies walishaandika makala kuhusu kupunguza matiti yaliyozidi ukubwa. Na mwaka 1958, McIndoe na Rees wakaandika nyingine: nani afanyiwe, afanyiweje, na madhara gani yanaweza kutokea.

Kwa hiyo ujuzi huo ulikuwepo hapahapa miaka ile, vichwani mwa watu waliokuwa wanashuka na ndege ndogo kwenye viwanja vya nyasi. Haukutumika kwa jambo hilo kwa sababu foleni ilikuwa na mambo mengine: watoto wenye midomo sungura, watu walioangukia motoni na mikono ikashikana, walioraruliwa na fisi, mikono iliyopinda kwa ukoma. Mbele ya hao, nani angesimama kusema "Daktari, matiti yangu ni mazito"? Huo ni uamuzi ambao wanawake wengi waliufanya bila hata kujua kwamba walikuwa na la kuamua.

Nyanda za Juu Kusini zenyewe zilikuwa mbali. Barabara kuu ya kwenda Zambia, ile wazee wanaiita Tanzamu, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA ikafunguliwa 1976. Kabla ya hapo, kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kutafuta daktari bingwa ilikuwa safari ya kuagwa. Hata baada ya Mbeya kupata hospitali ya rufaa ya kanda, inayohudumia mikoa yote ya ukanda huu, kazi za upasuaji zilizojaa milangoni zilikuwa uzazi, ajali za barabarani, ngiri na uvimbe.

Na mavazi nayo yalibadilisha mambo. Kabla ya magauni ya misheni, Rungwe ambako Wamoraviani walifika mwaka 1891 au Tosamaganga ya Wakatoliki, kifua cha mwanamke hakikuwa siri. Titi lilikuwa chakula cha mtoto na alama ya umri, basi. Gauni na blauzi vilipokuja, kifua kikawa kitu cha kufunikwa, kubanwa na kulinganishwa. Neno sidiria lenyewe linatokana na Kiarabu cha "kifua", limepita pwani ndipo likapanda milima. Mwanamke wa leo ana mizigo miwili: uzito ambao bibi yake pia aliubeba, na macho ya watu kwenye daladala ambayo bibi yake hakuyajua kwa namna hiyo. Sare ya shule isiyofunga vifungo ni jambo dogo kwa anayelitazama. Kwa binti wa miaka 14 ni sababu ya kuacha netiboli.

Halafu kuna kazi. Huku hakuna kazi ya mwanamke isiyomwinamisha. Jembe la mkono kwenye viazi vya Uporoto, kuni mgongoni, maji kichwani, tenga la chai Mufindi na Rungwe ambalo mikanda yake inapita palepale mikanda ya sidiria ilipokwisha kuchimba. Mtu wa ofisini anaweza kuegemea kiti. Anayepalilia anaegemea nini?

Wakati huo Ulaya na Marekani walikuwa wanabishana jambo jingine: huu ni ugonjwa au urembo? Si ubishi wa bure, maana bima hulipia ugonjwa na hukataa urembo. Mwaka 1991 Paul Schnur wa Marekani alitengeneza jedwali la kulinganisha ukubwa wa mwili na gramu zitakazotolewa. Ukifika kiwango fulani, tuseme una sababu ya kiafya, usipofika unataka kupendeza tu. Makampuni ya bima yalilishika jedwali hilo kama msahafu, mpaka Schnur mwenyewe baadaye akasema halifai kutumika hivyo. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na matokeo yake kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba wanawake waliopunguzwa walipata nafuu kubwa ya maumivu, na kwamba nafuu hiyo haikutegemea sana titi lilikuwa kubwa kiasi gani kabla. Sidiria maalumu, mazoezi na kupunguza uzito havikuwapa nafuu ya kudumu. Ushauri wa "punguza tu mwili, yatapungua" unasaidia baadhi. Wengine wanakonda uso, mikono na miguu, matiti yanabaki yanawatazama.

Kwetu mlango ulifunguliwa wazi mwaka 2023, pale Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ilipotangaza huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo, kupunguza matiti ikiwemo. Mitandaoni ikawa sherehe. Watu walicheka makalio, shepu, nani ataongeza na nani atapunguza, vichekesho vikatembea wiki nzima. Kelele zile kwa kweli ziliwafunika walengwa wenye shida zaidi. Mwanamke wa Makambako mwenye maumivu ya mgongo wa miaka 15 akajikuta kwenye kundi moja na anayetaka shepu ya video, na akanyamaza zaidi ya alivyokuwa amenyamaza.

Ila sasa anajua kwamba inawezekana. Basi la kutoka Mbeya au Iringa likishapita Chalinze na Kibaha linafika Kibamba, karibu na njia ya kuingia Mloganzila, kabla hata halijafika stendi ya Magufuli. Anaipita hiyo njia kila akienda Dar. Uamuzi umekuwa karibu kiasi cha kusema "shusha hapo".

Na uamuzi wenyewe si mwepesi, wala anayesita si mjinga. La kwanza ni kunyonyesha. Mkoa wa Iringa, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ulikuwa na udumavu mkubwa kuliko mikoa yote, karibu watoto 57 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano. Ndiyo maana kila kliniki, kila mhudumu wa afya wa kijiji, anaimba maziwa ya mama miezi 6 bila kitu kingine. Msichana ambaye hajazaa akisema anataka kupunguza matiti, swali la kwanza la mama yake ni "utanyonyesha nini?" Swali halina ujinga wowote. Njia za kisasa zinazoacha chuchu kwenye mzizi wake zinawaachia wanawake wengi uwezo wa kunyonyesha, lakini maziwa yanaweza kupungua, na hakuna daktari mkweli atakayetoa hakikisho. Tena ujauzito unaweza kuyakuza matiti upya. Ndiyo sababu wengi hushauriwa, kama maumivu yanavumilika, wasubiri wamalize kuzaa. Kama hayavumiliki, hilo nalo lina uzito wake, na binti wa miaka 20 asiyeweza kukaa darasani saa mbili hapaswi kuambiwa asubiri mume ambaye hajulikani yuko wapi.

La pili ni kovu. Ngozi nyeusi ina tabia ya kuota makovu yanayovimba, wengine wanayaita kiloidi. Mwenye kovu la namna hiyo sikioni baada ya kutoga, au begani palipochanjwa, amwambie daktari mapema kabisa. Si lazima akataliwe, ila ajue anachokwenda kubadilishana: uzito kwa alama ya nanga ambayo inaweza kufifia au inaweza kukaidi. Ganzi kwenye chuchu nayo inawezekana, ya muda au ya moja kwa moja.

La tatu ni mume na majirani. Wapo wanaume wanaosema "hayo ndiyo niliyoyapenda," wanadhani wametoa sifa. Wapo pia wanaolipa nauli na kukaa benchi la wodini. Majirani ndio wagumu zaidi, kwa sababu ukienda Dar wiki tatu na kurudi umebadilika, hadithi itatungwa, na saratani itatajwa, au pesa chafu. Wengi wanaofanyiwa huaga kwa sababu nyingine: semina, mgonjwa, biashara. Usiri huo ndio unaofanya yule mwingine wa mtaa wa pili, mwenye shida ileile, aendelee kudhani yuko peke yake mkoani mzima.

Jambo linalosahaulika zaidi ni wiki za baada ya upasuaji. Kunyanyua vitu vizito marufuku kwa wiki nne hadi sita hivi. Kwa mji mwingine hiyo ni likizo. Kwa mama wa Ilula au Uyole maana yake hakuna ndoo, hakuna jembe, hakuna mtoto mgongoni, hakuna kusonga ugali wa watu nane. Nani atafanya? Kama jibu halipo, hata upasuaji wa bure ni ghali. Ndiyo maana wenye kupanga vizuri hukwepa msimu wa kulima, humwita mdogo mtu au shangazi akae nyumbani, na hutafuta pa kufikia Dar es Salaam wakingoja kidonda kiangaliwe, badala ya kupanda basi la saa nyingi na kuruka matuta ya Mikumi wakiwa bado na nyuzi kifuani.

Kabla ya yote hayo kuna kikao cha kwanza na daktari, na hapo mwanamke aende na maswali yake yameandikwa. Chuchu itabaki kwenye mzizi au itapandikizwa? Umri wake unadai kipimo cha saratani kwanza? Akizidiwa akiwa Mbeya, hospitali ya huko itampokea na karatasi gani? Nyama itakayotolewa hupimwa uzito kwenye mizani na kwa kawaida hupelekwa maabara kuangaliwa, na majibu hayo aulize yatampata vipi. Na fomu ya ridhaa aisome mwenyewe, polepole, hata kama nesi anasubiri kalamu.